Ng'ombe Mweusi Asiye na Pembe

Kamwene wewe uliyeko hapo barabarani Ilula unapanga nyanya kwenye tenga, jicho likiwa kwa basi linalotoka Kitonga. Kamwene na wewe uliyeko shambani Masukanzi, redio umeitundika mtini na mikono imejaa vitunguu.

Nianze na msiba. Mwaka jana tulimzika baba yangu mkubwa. Siku ya maziko, kama ilivyo desturi yetu, kijana mmoja wa ukoo alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Alianza vizuri, sauti imetulia. Marehemu alikuwa mtoto wa mzee fulani. Mzee fulani naye alizaliwa na mzee fulani na mama... Hapo akakwama. Kwenye karatasi yake, mahali pa jina, palikuwa na mstari wa nukta. Akamtazama baba mdogo, baba mdogo akamtazama shangazi, shangazi akavuta khanga akafunika mdomo. Mchungaji akakohoa, kijana akaruka mstari, kina mama wakaimba, tukazika. Lakini zile nukta zilinifuata hadi nyumbani. Mama aliyemzaa babu yangu, mwanamke aliyelima bonde hilihili na kuzikwa katika udongo huuhuu, hana jina kwa wajukuu wa mwanawe.

Wala si kwamba hapa kwetu historia imetupita. Ukitoka Ilula kuelekea Iringa mjini unapita Lugalo, na mnara wake unauona. Pale tarehe 17 Agosti 1891 wapiganaji wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, walilivamia jeshi la Wajerumani, na kamanda wao Emil von Zelewski, ambaye wazee walimwita Nyundo, hakurudi pwani. Mtoto wa shule ya msingi anayataja majina hayo bila kubabaika. Muulize sasa ni nani waliowapikia wapiganaji wale, au nani alibaki na watoto kule vilimani. Vita huacha majina ya wakubwa. Majina ya watu kama mimi na wewe yaliachwa na ugomvi mdogomdogo: ng'ombe wa mahari, mpaka wa shamba, mke aliyerudi kwao, deni la debe la mahindi. Waliopatana kimyakimya hawakuacha karatasi. Waliogombana hadi kwa mkubwa waliandikwa.

Basi nikaanza kuutafuta ugomvi wa kwetu. Nilihangaika siku tatu katika chumba kimoja cha majalada ya zamani, mahali ambapo sitapataja. Mafaili yamefungwa kwa kamba ya katani, mengine yamelowa na kukauka hadi yakawa kama chapati ngumu, na ukutani mchwa wamechora njia yao kutoka sakafuni hadi rafu ya tatu. Siku ya tatu jioni nikalipata. Ni shauri la madai la enzi za Chifu Adam Sapi Mkwawa, yule ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Kurasa mbili na nusu tu. Wino ulikuwa wa bluu, sasa umegeuka kahawia, na mwandiko wa karani umelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo.

Mdai ni baba mkwe. Mdaiwa ni baba wa babu yangu. Kinachodaiwa ni ng'ombe mmoja na mbuzi wawili waliobaki katika mahari. Mdaiwa anasema, ng'ombe nilimpeleka, mweusi, hana pembe, akapokelewa na mke wa mdai mimi nikiona. Kisha anaitwa shahidi, huyohuyo mke wa mdai. Anasema: ni kweli ng'ombe mweusi asiye na pembe alikuja, lakini alikuja mgonjwa, akafa kabla mwezi haujaandama, kwa hiyo hatukumhesabu. Chini ya maneno yake kuna dole gumba la wino wa zambarau, mistari ya kidole inaonekana mpaka leo. Baraza likaamua mdaiwa atoe ng'ombe mwingine, na mbuzi wasamehewe.

Sasa sikiliza jambo lililoniumiza. Shauri zima linamhusu bibi yule niliyekuwa namtafuta. Ng'ombe ni wake, mbuzi ni wake, ugomvi ni wake. Na kila alipotajwa, karani ameandika maneno mawili: "binti yake". Jina hamna. Lakini nimepata jina la baba yake, na jina la babu yake kupitia ile "bin", na kijiji alichotoka, ambacho hakuna aliyejua kwamba tuna wajomba kule. Nimepata pia dole gumba la mama yake. Kwa kurasa mbili na nusu nilirudi nyuma vizazi viwili zaidi ya pale wasifu wa msibani ulipokoma.

Ili uelewe karatasi kama ile ilitoka wapi, inabidi kujua nani alikuwa anaandika. Wakati wa Mjerumani mkuu wa boma alikaa kusikiliza mashauri, na neno letu hilo "shauri" Wajerumani wakalichukua wakaliandika kwa tahajia yao, Schauri. Watu wa kawaida wa enzi hizo utawakuta zaidi pale walipochapwa; wazee wetu bado wanaitaja "hamsa ishirini", viboko ishirini na vitano. Utajiri wa maneno ulianza chini ya Mwingereza. Gavana Donald Cameron alileta utawala wa kupitia machifu, sheria ya mamlaka za wenyeji ikatoka mwaka 1926, na ya mahakama za wenyeji mwaka 1929. Hapa Uhehe aliwekwa Sapi, mtoto wa Mkwawa, na chini yake wazagila, yaani machifu wadogo, kila mmoja na baraza lake. Mzagila anasikiliza, wazee wanauliza, karani anaandika. Na karani anaandika kwa Kiswahili! Hili ni jambo kubwa kwetu. Mwenzetu wa baadhi ya nchi nyingine akitaka kumsikia bibi yake inambidi ajifunze lugha ya mtawala. Sisi bibi zetu wako kwenye karatasi kwa lugha tunayoombea chumvi mezani.

Ila usisahau kwamba yule shahidi wa dole gumba alisema Kihehe barazani. Karani akasikia Kihehe, akaandika Kiswahili, tena Kiswahili cha mtu aliyesoma madarasa machache. Shauri likikatiwa rufaa hadi kwa Bwana Diisii, mkuu wa wilaya, linageuka tena kuwa Kiingereza. Kwa hiyo kila sentensi imevuka mto mmoja au miwili kabla haijakufikia.

Na majina ndiyo yenye mitego zaidi. Karani wa enzi zile aliandika kila mtu "bin" na "binti", awe Mwislamu, Mkristo au wa mila. Ukiona "fulani bin fulani", jina la pili ni la baba mzazi. Si la ukoo. Wajukuu wake leo wanatumia jina la ukoo, kwa hiyo mtu anapekua rejista nzima akitafuta ukoo wake, anaupita mara tano bila kujua. Mwanamke naye aliandikwa binti wa baba yake hata akiwa ameolewa miaka thelathini. Ukimtafuta kwa jina la mume, umempoteza. Tena karani aliandika alivyosikia: R na L zinabadilishana, mzagila anakuwa mzagira, na ndugu zetu Wanyakyusa wenye majina yanayoanza na Mwa, utakuta mara Mwa ipo, mara imedondoka. Soma kwa sauti. Sikio linatambua jina ambalo jicho limelikataa.

Kuna watu waliogundua utajiri huu kabla yetu. Hapa Iringa, mwanaanthropolojia Gordon Brown na afisa wa wilaya Bruce Hutt walifanya kazi pamoja, wakatoa kitabu mwaka 1935 juu ya jaribio lao la kuwaelewa Wahehe ili serikali itawale vizuri zaidi. Brown alikuwa ameandika pia makala kuhusu mahari ya Wahehe, mwaka 1932. Ukisoma maandishi ya namna hiyo, mahari ni kanuni: inatolewa hivi, inarudishwa hivi. Ukifungua jalada, mahari ni ng'ombe mgonjwa. Vyote viwili ninavihitaji, lakini ukiniambia nichague kimoja, nitachukua jalada.

Ng'ambo ya mpaka wetu, upande wa Zambia, kuna Mbala, ambayo Waingereza waliiita Abercorn. Mwanahistoria Marcia Wright alisoma mashauri ya korti ya pale ya kati ya mwaka 1897 na 1903. Ni miaka ambayo biashara ya watumwa ndiyo kwanza inakatika. Wanawake waliotekwa, wakauzwa, wakaozwa bila wazazi, walikuwa wanajitokeza mbele ya hakimu wa kigeni kusema: huyu si mume wangu, huyu alininunua. Nchi hiyo ni moja na kwetu. Watu wa Mbozi, wa Ufipa, wa Unyamwanga walikuwa wakipita huko na kurudi. Inawezekana kabisa kwamba msikilizaji mmoja wa Mbeya ana bibi wa bibi yake katika korti ile. Na kule Kilimanjaro, Sally Falk Moore alikaa na majalada ya mahakama za mwanzo, akayaoanisha na masimulizi ya ukoo mmoja wa Kichaga, akatoa kitabu mwaka 1986 kinachofuata mabadiliko ya mila kwa miaka mia moja. Alionyesha kwamba kile tunachokiita mila ya tangu na tangu kilikuwa kikibadilika kila kahawa ilipopanda bei na kila ardhi ilipopungua. Asingeweza kulijua hilo kwa kuwauliza wazee peke yao, maana kila mzee husema mila ni ileile.

Tena jambo hili si la Afrika peke yake. Ulaya kuna kijiji cha wachungaji wa kondoo kinaitwa Montaillou, kusini mwa Ufaransa. Kijiji kisicho na ufalme wala vita vya kutajwa. Lakini kati ya mwaka 1318 na 1325 askofu Jacques Fournier aliwahoji watu wa eneo lile kwa tuhuma za uasi wa dini, na makarani wakaandika. Mwaka 1975 Emmanuel Le Roy Ladurie akatoa kitabu kutokana na rejista hiyo, na leo tunajua wachungaji wale walilala wapi, walimpenda nani, walimchukia nani. Miaka kama mia saba, nao bado wanaongea.

Sasa twende kwenye kesi ambayo kila mtu wa mkoa huu ana habari zake. Siku ya Krismasi, mwaka 1971, Isimani. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alifika kwa mkulima Said Mwamwindi, Mkungugu. Isimani wakati ule ilikuwa ghala la mahindi, watu wamehamia kutoka kila upande, matrekta yanakata ardhi, na serikali inasukuma vijiji vya ujamaa. Wakajibizana. Mwamwindi akampiga risasi Mkuu wa Mkoa, akampakia kwenye gari la huyohuyo marehemu, akaendesha hadi polisi Iringa mjini kujisalimisha. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ilikaa Iringa kusikiliza kesi hiyo mbele ya Jaji Onyiuke, aliyetoka Nigeria. Mwamwindi alikutwa na hatia ya mauaji, akahukumiwa kifo, akanyongwa. Chuo cha ualimu pale Iringa mjini kikapewa jina la Klerruu.

Nimesikia masimulizi ya siku ile labda mara mia. Kilabuni yana sura moja, msikitini nyingine, kwa waliosoma Chuo cha Klerruu nyingine. Mmoja anasema ugomvi ulikuwa trekta, mwingine makaburi, mwingine tusi. Kila msimuliaji anajua maneno yaliyosemwa, hata yule ambaye mwaka ule alikuwa hajazaliwa. Hukumu inakuweka mahali pengine. Pale hakuna anayeruhusiwa kusema "inasemekana". Shahidi anaulizwa: wewe ulisimama wapi, ulisikia kwa sikio lako au uliambiwa? Upande wa utetezi ulileta hoja ya kuchokozwa na hoja ya hali ya akili ya mshtakiwa, na jaji akalazimika kupima kwa mizani ya sheria kitu kigumu kupimika kuliko vyote, hasira ya mtu aliyetukanwa shambani kwake. Muhtasari wa hukumu hiyo uliingia katika High Court Digest ya mwaka 1972, na wanasheria wanausoma hadi leo kwa ajili ya hoja ya uchokozi. Mimi naomba tuusome kwa sababu nyingine. Kesi kubwa ya jinai inakamata kijiji kizima kama picha: nani alikuwa jirani wa nani, nani alilima wapi, nani alifanya kazi kwa nani. Mjukuu wa shahidi anaweza kumkuta babu yake amesimama Isimani siku ya Krismasi, mwenye umri, kazi na sauti.

Hapo nina neno la uzito. Watoto na wajukuu wa pande zote mbili za kesi ile wapo. Jalada si la kupeleka kilabuni. Hivyohivyo kwa mashauri ya uchawi, ya ugoni, ya watoto waliokataliwa na baba zao. Ukikuta kwamba babu wa jirani yako alimwita bibi yako mchawi mbele ya mzagila, elewa kwamba umeshika moto. Mimi nimeyaona mawili ya namna hiyo na nimeyarudisha nilikoyatoa, mdomo umefungwa. Na ukikuta shamba lenu lilishawahi kubishaniwa, usikimbilie kupima mpaka upya kwa hasira ya watu waliokwisha kufa.

Tena kumbuka watu huja barazani kushinda. Mdai anaongeza mbuzi, mdaiwa anapunguza ng'ombe. Lakini hata mwongo barazani hudanganya kwa vitu ambavyo wenzake wataviamini, na vitu hivyo ndivyo maisha ya siku zile: bei ya jembe, njia ya kwenda Iringa, desturi ya kupokea mahari. Mwongo amekuachia ukweli mwingi pembeni ya uongo wake.

Kwa anayetaka kuanza, anza na mirathi. Mtu akifariki na familia ikafungua shauri la mirathi mahakama ya mwanzo, kwenye jalada hupachikwa muhtasari wa kikao cha ukoo: waliohudhuria, uhusiano wao na marehemu, warithi wote kwa majina, na sahihi au dole la kila mmoja. Ukoo wako umeshakaa kikao, ukajiandika wenyewe, ukapiga mhuri! Nenda na jina la marehemu na mwaka wa kifo, hata wa kukisia, uombe kwa adabu na kwa maandishi, ueleze kwamba wewe ni wa familia. Na ujue mipaka imehama. Wilaya ya Kilolo ni ya mwaka 2002. Ukitafuta shauri la Ilula la mwaka 1955 chini ya Kilolo utakesha. Kipindi hicho sisi ni Wilaya ya Iringa, na jimbo ni la Nyanda za Juu Kusini, makao yake Mbeya. Watu wa Njombe na Songwe nao wakumbuke mikoa yao ilizaliwa juzi. Majalada ya kale zaidi yanaweza kuwa Dar es Salaam, Upanga, kwenye Nyaraka za Taifa, ambako kumbukumbu hufunguliwa kwa kawaida zikifikisha miaka 30. Huko kibali cha utafiti kinahitajika. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani nyingi sasa ziko kwenye mtandao wa TanzLII, bure, unazisoma kwa simu hiyohiyo unayoulizia bei ya nyanya.

Majalada ya chini kabisa, ya wazagila na ya mahakama za mwanzo, hayako kwenye simu. Hayo ndiyo yenye bibi zetu, na hayo ndiyo yanayoliwa na mchwa. Kila masika inayopita paa likivuja, kuna "binti yake" mmoja anayefutika mara ya pili. Nasema hili kwa uchungu, na ninawaomba walioko madarakani, kuanzia kijiji hadi mkoa, waingie kwenye vyumba hivyo kabla mvua hazijaingia.

Nimalizie nilipoanzia. Nilinakili lile shauri kwa mkono, nikaenda nalo kwa shangazi, yuleyule wa khanga mdomoni. Ana miaka themanini na kitu, macho yamechoka, masikio yapo. Nikamsomea. Majina ya wanaume aliyapokea kwa kutikisa kichwa tu. Nilipofika kwenye ng'ombe mweusi asiye na pembe, akaniambia nisimame. Nirudie hapo. Nikarudia. Akaanza kucheka, kicheko cha msichana mdogo. Akasema, huyo ng'ombe namjua! Bibi alikuwa akikasirika na babu anamwambia mbele yetu sote: wewe ulinioa kwa ng'ombe wa kufa. Na babu naye anamjibu, anamwita kwa jina lake la usichana, lile ambalo hakuna mwingine aliyethubutu kumwita.

Nikamuuliza, shangazi, jina gani?

Akalitamka. Kisha akalitamka tena, polepole, ili niandike.